Niliyesahihisha Karatasi za Intaviu Ni Mimi

(Maneno niliyowaambia wazazi hapa Nakuru, Jumamosi moja asubuhi ya muhula wa tatu. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila nimepunguza pale nilipojirudia.)

Wazazi wenzangu, hamjambo. Wale wa Lanet mliochelewa kwa sababu ya msongamano, karibuni, kuna viti huku mbele. Najua hakuna anayependa kukaa mbele, ndiyo maana viko tupu tangu saa tatu. Nyanya zetu nawaona pale dirishani. Asanteni kwa kuja, maana katika nyumba nyingi ni ninyi mnaokaa na mtoto na daftari lake jioni.

Mwenyekiti amenitambulisha kama mtaalamu. Amenipandisha cheo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa madarasa ya chini. Nimeshika chaki miaka 27, na kwa miaka 11 ya mwisho, katika shule ya kibinafsi, ni mimi niliyekuwa nikitunga na kusahihisha mitihani ya watoto wanaotafuta nafasi, ile mnayoiita intaviu. Ile karatasi inayowanyima usingizi, ambayo huenda kuna mtu humu amempigia simu binamu yake anayejuana na sekretari wa shule ili aione mapema, nilikuwa naiandika usiku, leso kiunoni, chai imepoa kando.

Nianze na kijana mmoja aliyekuja kutafuta nafasi ya Gredi 4. Mwaka uliotangulia, swali la nne la hesabu lilikuwa hivi: mama ana machungwa 36, anawagawia watoto 4 sawasawa, kila mmoja anapata mangapi? Mwaka huo nikalibadilisha. Nikaandika maembe 48, watoto 6. Kijana akajibu 9. Nikatazama swali la tano, nikakuta jibu la karatasi ya mwaka uliopita. La sita vilevile. Katika maswali 10, 7 aliyajibu kwa majibu ya mwaka mzima nyuma, tena kwa mwandiko safi, bila kufuta hata mahali pamoja.

Nikamwita mezani. Nilikuwa na mkebe wa vifuniko vya soda, nikamhesabia 48 nikamwambia awagawie watu sita. Akavipanga mafungu sita, kimoja kimoja, ulimi umetoka nje kidogo kama fundi. "Nane," akasema. Nikamuuliza, mbona kwenye karatasi umeandika tisa? Akanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyejua hesabu. "Ticha, hapo jibu ni tisa."

Tulimchukua, kwa sababu ya vile vifuniko. Lakini fikirieni kazi iliyofanyika pale. Mtoto anayejua kugawanya alifundishwa asigawanye, na aliyemfundisha alilipwa.

Wakulima wa Molo na Mau Narok mnaijua lumbesa. Gunia linajazwa viazi, kisha juu linashonewa wavu na viazi vingine vinapandishwa mpaka linakuwa na kichwa kama mtu aliyefunga kilemba. Ukilitazama limesimama barabarani, unasema huyu amevuna. Ndivyo tunavyowafanya watoto wetu kila ifikapo Septemba. Tunawashonea wavu, tunapandisha juu kila kitu kilichoko kwenye karatasi za zamani, tunawasimamisha mbele ya shule siku moja. Mimi niliyekuwa nanunua gunia nilikuwa natazama chini ya wavu. Na ikitokea aliyepokea hakutazama, mtoto anawekwa katika darasa lisilo lake, na huko atakaa miaka.

Kwanza tuelewane intaviu ni kitu gani kisheria, maana nimesikia mengi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule ya umma kumfanyisha mtoto mtihani kama sharti la kumpokea. Inaruhusiwa kumpima kwa ajili ya kumweka darasa linalomfaa, basi. Kwa hiyo ukienda shule ya msingi ya serikali hapa mtaani ukaambiwa mtoto amefeli intaviu na hana nafasi, hilo si jibu la kukubali na kwenda nyumbani. Shule za kibinafsi ndizo zenye uhuru wa kuchagua, na hata hizo hazina ruhusa ya kumkataa mtoto kwa kabila lake, dini yake au ulemavu wake. Sheria hiyohiyo imekataza tuisheni ya likizo. Naona watu wanatazamana. Mimi nimesema tu kilichoandikwa.

Sasa niwaambie la kwangu, na aliyenipa ruhusa ya kulisema ni mwenyewe, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala la shule.

Binti yangu alikuwa wa kwanza au wa pili darasani katika shule ya kawaida, wakati huo tukiwa bado kwenye 8-4-4, ule mfumo wa elimu wa zamani. Nikasikia shule fulani ina nafasi darasa la nne, shule yenye basi la rangi nzuri na wazazi wenye magari. Mwalimu mimi, ninayejua haya yote ninayowaambia, nikaingia kichaa. Miezi minne, kila jioni kuanzia saa moja hadi saa tatu, karatasi za zamani. Mtoto huyo alikuwa anasoma kila kitu. Alikuwa anasoma hata gazeti lililofungia nyama, analikung'uta damu kidogo analinyoosha mezani, na mimi namwambia weka hiyo takataka, njoo ufanye zoezi. Akafanya mtihani, akapata 86. Nikapiga simu mpaka kwa shangazi yake Kisumu.

Kufika huko, alama 86 zikawa za mwisho-mwisho. Wenzake walikuwa wamezoea mwendo ule tangu nasari, na yeye alikuwa amebeba maswali, hakuwa amebeba mwendo. Kufikia mwezi wa pili akaanza kuumwa tumbo kila Jumapili jioni, mara baada ya taarifa ya habari ya saa moja. Nilimpeleka kliniki mara tatu. Mara ya tatu daktari, kijana mdogo tu, akaniuliza, "Mama, Ijumaa jioni huwa linamuuma?" Nikasema hapana. Hakuandika dawa.

Tulimtoa baada ya mwaka. Kumrudisha kwenye vitabu, asome bila kuambiwa, kulichukua miaka miwili. Siku niliyomkuta tena amejifunika blanketi na tochi anasoma, nilirudi chumbani kwangu bila kumwambia alale.

Kwa hiyo nisikilizeni kama mtu aliyekosea.

Tatizo letu sisi wazazi ni kwamba tulizaliwa na alama 500 mdomoni. Mtihani wa KCPE, ule wa darasa la nane wa alama 500, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini bado mtu anauliza mwalimu mkuu, "Hii shule inatoa 400 wangapi?" Hawapo tena. Mtoto wa Gredi 6 sasa anafanya KPSEA, iliyoanza 2022, na wa Gredi 9 anafanya KJSEA, iliyofanywa mara ya kwanza 2025. Anapokwenda shule ya upili ya juu, kuanzia Gredi 10, KJSEA inabeba asilimia 60, ile KPSEA ya Gredi 6 asilimia 20, na kazi alizofanyiwa tathmini shuleni asilimia 20. Maana yake kazi ya Jumanne ya kawaida ya Gredi 7, mradi wa kupanda sukuma kwenye gunia, ile ambayo baba anaifanya usiku kwa niaba ya mtoto, inahesabiwa. Shule ya kibinafsi inayojua kazi yake inapokea mtoto atakayeishi katika mfumo huo, si wa kukimbia siku moja.

Sasa, msahihishaji anatazama nini? Kwa mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, mwenye miaka 4, swali la kwanza kichwani mwangu halikuwa A, B, C. Lilikuwa: huyu anaweza kumwambia mtu asiyemjua kwamba anataka kwenda choo? Anaweza kuvua sweta mwenyewe? Nikimpa kalamu ya rangi anaishikaje? Anaweza kuachana na mama mlangoni, hata kama atalia dakika tano? Kulia hakumfelishi mtu, wako wengi waliolia wakawa watoto hodari. Rangi, maumbo, kuhesabu vitu hadi kumi, hayo huja. Anayekuja amekaririshwa mpaka mia lakini ukimwambia niletee vijiko vitatu analeta vyote, huyo amefundishwa wimbo.

Wa Gredi 1 nilimpa maneno mafupi, Kiswahili na Kiingereza, na hesabu ndogo za kujumlisha na kutoa. Wa Gredi 4 nilimpa kifungu cha ufahamu, insha fupi na hesabu za maneno. Hapa ndipo watoto wengi wazuri huanguka, kwa sababu moja: hawasomi swali. Wanaona namba mbili, wanazijumlisha. Mimi nilikuwa natazama mahali mtoto alipofuta. Aliyeandika 15, akafuta, akaandika 12, nikaona hapo palikuwa na mtu anayefikiri. Karatasi iliyofutwa mpaka ikatoboka ilinieleza jambo jingine, kwamba nyumbani kuna mtu wa kuogopwa. Mwandiko, jamani, tunausumbukia bure. Ukisomeka inatosha.

Nyumbani basi tufanye nini. Kusoma kwa sauti, dakika 20 kila siku, kuanzia sasa. Mnabadilishana, ukurasa wako, ukurasa wake. Kama huna vitabu, maktaba ya umma iko hapa mjini, na kama kusoma kwako mwenyewe ni kwa shida, mwambie mtoto akusomee wewe. Nyanya asiyejua kusoma ni msikilizaji bora kuliko mimi, kwa sababu yeye atauliza, "Kwa nini huyo sungura hakurudi nyumbani?" na mtoto italazimu aeleze. Hilo ndilo swali la ufahamu. Halina tofauti na langu, ila langu lina nafasi ya kuandikia.

Hesabu ziko dukani. Mpe noti ya shilingi 200, mtume unga na sukuma, kabla hajatoka mwambie akuambie chenji itakuwa ngapi, akirudi mlinganishe. Akikosea msicheke. Mfanye hivyo mara tatu kwa wiki kwa muhula mmoja, mkibadilisha bei na vitu, na mtoto huyo hataona namba mbili akakimbilia kujumlisha.

Halafu kuna zoezi moja ambalo watu hulidharau. Mpe mtoto swali asiloweza kulijibu, mara moja kwa wiki, na umwambie kabisa kwamba hujui kama ataliweza. Kaa naye. Mwone anafanya nini. Anaacha? Analia? Anachora kitu pembeni? Anakuuliza maana ya neno? Katika chumba cha intaviu kutakuwa na swali kama hilo, tunaliweka makusudi. Mtoto ambaye hajawahi kukutana na swali gumu akiwa na mtu anayempenda, akikutana nalo kwa wageni anaganda. Karatasi ya zamani tumieni moja, wiki mbili kabla, ajue tu inakaaje na saa inavyokwenda. Mkishaifanya, iwekeni kando.

Mkitaka mwalimu wa kumsaidia, sawa, lakini kwanza jueni anakosa nini. Chukua daftari zake nenda kwa mwalimu wake wa sasa. Ukiona vibaya kumwambia kwamba unamhamisha mtoto, mwambie tu unataka kujua mahali anapokwama. Mwalimu anayeambiwa "mfundishe kila kitu" atafundisha karatasi za zamani, kwa sababu ndizo zilizo karibu.

Na macho! Nilikuwa na mtoto, msichana, aliyesoma vizuri sana kitabuni, lakini akinakili kutoka ubaoni anaandika mambo ya ajabu. Shule mbili zilikuwa zimemkataa. Miwani tu. Kama kuna jambo zaidi ya macho au masikio, mtoto anageuza herufi akiwa mkubwa, au kuzungumza kwake kumechelewa, kuna vituo vya serikali vya kuwatathmini watoto, vinaitwa EARC, na vimekuwepo nchini tangu 1984. Ulizeni katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Msisubiri intaviu ndiyo iwaambie.

Niseme kidogo juu ya lugha. Wiki mbili kabla ya mtihani, mzazi anaanza kumwongelesha mtoto Kiingereza jikoni. Mtoto anashangaa, mama amekuwa mgeni. Mwingine anamkataza nyanya asizungumze Kikuyu au Kikalenjin na mjukuu wake. Tafadhali. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha yoyote ana mahali pa kutundika yale ya Kiingereza. Aliyefungwa mdomo katika zote ndiye aliyekuwa akinitoa jasho.

Mahojiano ya ana kwa ana. Nilikuwa nauliza, "Unaitwa nani?" Baba anajibu. "Unapenda kucheza nini?" Baba: "Anapenda kusoma." Nikahamisha kiti changu nikamgeukia mtoto kabisa, baba akanisogelea naye. Mwishowe nilimwambia, baba, wewe umeshapita, sasa niache na huyu. Akacheka, lakini kwa kweli hakupita. Mkiulizwa kwa nini mnamhamisha mtoto, semeni kweli kwa maneno machache. Msiitukane shule ya zamani, maana tunajua kesho tutatukanwa sisi. Na ugonjwa usifichwe. Pumu, kifafa, kukojoa kitandani kwa anayekwenda bweni. Matroni asiyeambiwa atagundua saa nane za usiku, na mtoto ndiye atakayeaibika.

Makaratasi nipite haraka. Cheti cha kuzaliwa, ambacho huombwa kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, na kama mtoto alizaliwa nyumbani bila kuandikishwa muanze mapema kwa sababu huchukua muda. Ripoti za mihula iliyopita, kijitabu cha kliniki, picha ndogo, namba yake ya usajili wa wizara na ile ya KNEC, baraza la mitihani, kama anayo. Majina yafanane kila mahali, herufi kwa herufi. Wambui wa kwenye cheti asiwe Wambuii wa kwenye ripoti. Barua ya kuhama ombeni kabla hamjagombana kuhusu karo.

Kuna mama amenitumia swali kabla ya leo kuhusu shule za mtaala wa Uingereza. Hapa kwetu Bonde la Ufa hazikuanza jana: Pembroke House kule Gilgil ni ya mwaka 1927, na St Andrew's ya Turi, karibu na Molo, ni ya 1931. Jambo la kujua ni kwamba hesabu yao ya madarasa si yetu. Mwaka wa 7 kwao ni mtoto wa miaka 11 hadi 12, yaani karibu na Gredi 6 yetu, na mwaka wao huanza Septemba, si Januari. Mzazi asiyejua hilo anaomba darasa lisilo la umri wa mtoto, kisha analaumu mtihani. Pia katika shule za mtaala huo mtoto anaweza kukutana na maswali ya maumbo na mpangilio, lipi linafuata, lipi si la kundi hili. Hayo hayakaririki. Mfanyisheni mara chache ayazoee, zaidi ya hapo mchezo wa bao au drafti utamsaidia kuliko kitabu cha kununua.

Sasa tufungue pochi. Chukueni kalamu. Tuseme karo ni shilingi 35,000 kwa muhula, basi 8,000, chakula 6,000. Hiyo ni 49,000. Mara tatu ni 147,000 kwa mwaka. Mtoto wa Gredi 1 akifika Gredi 9 mmelipa 1,323,000, na karo haijapanda hata shilingi, jambo ambalo hamtaliona duniani. Bado yunifomu, vitabu, safari ya shule, na mdogo wake anayefuata. Sijasema msilipe. Nimesema muandike hiyo namba kwenye karatasi, mume na mke mkiwa pamoja, kabla ya kununua fomu, kwa sababu ada ya fomu hairudishwi. Mtoto anayerudishwa nyumbani kila mwezi kwa sababu ya karo anasoma kidogo kuliko yule wa shule ya serikali anayekaa darasani siku zote. Nimewaona, wakisubiri langoni na mabegi yao, saa nne asubuhi.

Na ninyi muifanyie shule intaviu. Ulizeni kama imesajiliwa na wizara. Ulizeni kama walimu wana namba za TSC, tume ya walimu, maana hata wa shule za kibinafsi wanatakiwa kusajiliwa. Ulizeni walimu wangapi wameondoka mwaka huu, kisha nyamazeni mtazame uso wa anayejibu. Mtembelee siku ya kawaida, si siku ya kuonyesha, na mwende vyoo vya watoto wadogo. Choo hakidanganyi. Tulipofungiwa mwezi wa tatu 2020 kwa sababu ya korona, kuna shule za kibinafsi ambazo hazikufunguliwa tena, na wazazi walibaki na risiti. Kwa hiyo usilipe mwaka mzima kwa mkupuo kwa shule usiyoijua, hata wakikupunguzia.

Siku yenyewe, uji au chai na mkate alivyozoea, si mayai matatu ya kumpa akili. Penseli mbili, kifutio, sweta, kwa sababu asubuhi ya Nakuru mnaijua. Awe amelala mapema. Mwambieni nani atampokea na saa ngapi mtamfuata. Basi.

Na baada ya hapo, njiani. Siku moja nilimaliza kupima watoto, nikapanda matatu ya Free Area. Mbele yangu walikuwa mama na kijana wake niliyempima asubuhi ileile. Nilikuwa nimefunga kitambaa kichwani, hawakunitambua. Kijana alikuwa amemwambia mama kwamba kuna maswali mawili hakuyamaliza. Kutoka steji mpaka waliposhuka, mama alimhesabia. Fomu, elfu mbili. Nauli. Viatu vipya. Siku ya kazi aliyopoteza. "Elfu mbili umekula hivi hivi." Kijana alikuwa ameweka paji la uso kwenye kioo, na kila gari likiruka shimo kichwa kinagonga, na hakiondoi. Nilitaka kumgusa bega yule mama. Karatasi ya kijana ilikuwa ndani ya mkoba wangu, magotini, nilikuwa nimeisahihisha, na alikuwa wa tatu kati ya watoto 31. Lakini matokeo hayasemwi kwenye matatu, na mimi nilikuwa mwajiriwa, nikanyamaza. Barua yao ilitoka Jumatatu. Jumamosi usiku na Jumapili nzima yule mtoto alikuwa mwizi wa elfu mbili.

Nawaona wengine mmeinamisha vichwa. Hata mimi, mnakumbuka, niliyasema ya kwangu.

Haya, sufuria ya chai naiona mlangoni, na mandazi yametangulia kupungua. Nimekuja na ule mkebe wangu wa vifuniko vya soda, uko mezani, mwenye mtoto mdogo hapa amlete nimwonyeshe mama yake tunavyovitumia. Maswali nitayapokea tukinywa. Baba wa sweta ya kijani, wewe umeinua mkono tangu niliposema tuisheni, anza.